Ada ya Kushughulikia

"Ada ni ya kushughulikia, mzee, si ya kupata."

Maneno hayo niliambiwa Nairobi na msichana wa rika la binti yangu, kwa upole, huku akifuta kioo cha mashine yake. Nimeyageuza mara nyingi tangu siku ile na sijayaona kasoro. Alipaye nauli hufikishwa. Atoaye mahari hupewa mke. Lakini alipaye visa humlipa mtu amtazame, basi, na akishatazamwa fedha imemaliza kazi yake. Alhamdulillahi, umri umenifikisha mahali pa kujifunza hata hilo.

Naishi Bofu, Likoni, katika nyumba aliyotuachia baba yetu mimi na ndugu zangu. Nimesomesha Kurani chuoni tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na watoto niliowavuta masikio kwa ajili ya alifu na be leo wananipisha safu ya mbele msikitini. Mke wangu alitangulia mbele ya haki binti yetu wa mwisho akiwa bado na meno ya utoto. Aliyenisaidia kumlea ni dada yangu, mjane asiyejaliwa mtoto, ambaye chumba chake kimepakana na changu kwa ukuta mmoja. Dada yangu alikuwa mpambaji wa maharusi. Hina, piko, udi, liwa, yote yalikuwa mikononi mwake, na sifa zake zilivuka mpaka Kisauni. Mama wa bibi harusi akitaka kupanga siku alimwendea yeye kwanza, kadhi baadaye.

Binti yangu alisomea uuguzi, akafaulu vizuri, kisha akakaa. Kazi za serikali hazikutangazwa, na zilipotangazwa hazikumfikia. Akapata kibarua katika zahanati ya mtu binafsi papa hapa Bofu, mshahara wa mwezi huu ukija mwezi ujao, tena pungufu. Ndipo akaanza kuomba kazi ng'ambo, kwenye nchi za baridi, ambako wagonjwa ni wengi na wauguzi ni haba. Hospitali moja ilimhoji kwa simu ya picha, ikampenda, ikamwandikia barua ya kazi. Barua ile ilikuwa na mwisho wake: asipopata visa kabla ya siku iliyotajwa, nafasi ingepewa mwengine. Na ada ya visa ya mfanyakazi mwenye ujuzi haikuwa fedha ya mwalimu wa chuo, wala ya muuguzi wa zahanati.

Wakati huo serikali ilikuwa na mfuko wa kuwalipia ada hizo vijana wenye ujuzi waliokwisha kupata kazi nje. Wazazi na watoto tuliitwa ukumbini kuelezwa. Afisa wa mfuko alikuwa kijana mcheshi, ana kipaza sauti na hakukihitaji.

"Hatumpi mtu pesa mkononi," alisema. "Tuliwahi kuwapa, wakanunua pikipiki. Tunalipa wenyewe kule maombi yanakopokelewa, na tunalipa mara moja. Ukiangusha, umeangusha."

Ukumbi ukacheka, na mimi nikacheka nao.

Binti yangu alikubaliwa, yeye na mwenzake aliyesoma naye, binti wa mfanyakazi wa bandarini, watu wa bara wanaokaa Miritini. Siku ile habari ilipokuja nilisujudu sijda ya kushukuru pale pale barazani, na mbuzi wa jirani akanipita mgongoni kama anayevuka daraja. Nilifurahi hata hilo.

Sasa nieleze jambo ambalo mgeni hatalielewa asipoelezwa. Safari ya Nairobi haikuwa safari ya kuondoka. Alikuwa aende kuweka vidole kwenye mashine na kupigwa picha, kisha arudi nyumbani angoje jawabu. Lakini kwa watu wetu, mtu aliyefunga begi kwa ajili ya visa ni msafiri, na msafiri huagwa. Majirani walikuja na mikate ya mofa, na vikongwe walikuja kumsomea. Baada ya alasiri dada yangu akaingia na bakuli lake.

Mimi nilikuwa barazani, dirisha li wazi, na wanawake hawakuwa wakinong'ona.

"Binti wa kaka yangu aende mikono mikavu, kama mchuuzi wa makaa?"

"Shangazi, naenda Nairobi tu. Nitarudi Ijumaa. Naenda kuweka vidole."

"Kuviweka wapi?"

"Kwenye mashine. Yavitazama."

"Vyatazamwa?" Nilisikia bakuli likiwekwa chini. "Basi si ndiyo sababu? Kitu cha kutazamwa hupambwa. Lete mkono."

Mwanamke mmoja akadakia, "Mpake na nyayo, huenda wakazitaka za miguuni!" Mwengine akasema, "Twaingoja harusi yako, mwanangu, lakini usituletee Mzungu mwenye kula nguruwe." Walicheka mpaka chai ikapoa. Nilimsikia binti yangu akicheka kuliko wote, na kwa kicheko chake nilijua ameshanyoosha mikono.

Niliporudi kutoka msikitini baada ya magharibi alinijia akiwa ameitanua mikono mbele yake. Maua ya piko, ile rangi nyeusi, yalipanda mpaka kwenye vifundo, na ncha za vidole vyote zilikuwa zimezamishwa katika weusi, kama zimevishwa kofia. Dada yangu alikuwa ameichanganya hina na unga wa rangi ya nywele, apendavyo kufanya kwa bibi harusi anayetaka isitoke upesi.

"Baba, tazama."

"Mashaallah," nikasema, na nikamwombea Mungu amfikishe.

Nilifuatana naye, kwa kuwa haifai binti kusafiri safari kama ile bila ya mtu wake. Mwenzake alitukuta kwenye kituo cha reli cha Miritini, babaye kamletea mahindi ya kuchoma ya kula njiani. Alipoiona mikono ya binti yangu alipiga kelele.

"Woi! Umependeza! Kwani unaolewa na ubalozi?"

"Wakinipa mahari nzuri, mbona nikatae?"

Walicheka njia nzima. Nilikuwa nimekaa mbele yao na tasbihi yangu, na nilimshukuru Mola kwa kicheko kile, kwa mabehewa yaliyokuwa safi, na kwa mtoto wa kwangu kwenda mahali ambapo elimu yake itafaa.

Usiku ule tulilala kwa jamaa zetu. Asubuhi tukaenda kwenye kituo kinachopokea maombi ya visa. Waombaji peke yao ndio huingia, lakini askari wa mlangoni alizihurumia mvi zangu akaniweka kwenye kiti cha plastiki karibu na madirisha, kwa sharti nisiseme na mtu.

Yule mwenzake binti yangu aliitwa kwanza. Akaweka vidole, akapigwa picha, akatoka. Kazi yote haikuchukua muda wa kusoma Yasini. Kisha akaitwa binti yangu kwa msichana mmoja wa dirishani, mwenye miwani na sweta.

"Weka vidole nne za kulia. Bonyeza. Toa. Weka tena." Mashine ikalia mlio mfupi. "Tena. Kausha kwanza, ufute jasho. Tena." Ikalia. Yule msichana akasimama akachungulia kioo. "Hizi vidole zimepakwa nini?"

"Hina."

"Hina naijua. Hii ni nyeusi."

"Ina piko ndani yake."

"Dada, umekuja arusi ama umekuja visa?"

Foleni ikaangua kicheko. Binti yangu naye alicheka, kwa adabu.

"Enda choo uoshe na sabuni, urudi. Nitakungoja."

Alikwenda. Nilikuwa nimekatazwa kusema, nikabaki na mawazo yangu. Maisha yangu yote nimewafunza watoto kwamba siku ya kufufuliwa Mola atamrudisha kila mtu kamili, mpaka ncha za vidole vyake, na kwamba hakuna ncha mbili zilizofanana tangu Adamu. Nilikuwa nikiwaambia wajitazame vidole, nao hujitazama kwa mshangao. Pale kwenye kiti cha plastiki nilimsabihi Muumba kwa mara nyengine, nikasikia maji ya choo yakifunguliwa, yakifungwa, yakifunguliwa tena.

Alikaa sana. Baadaye alinisimulia. Sabuni haikutoa kitu. Mama anayesafisha vyoo alimkuta analia, akamhurumia kama mtoto wake, akamletea dawa ya kutoa madoa ya nguo na chuma cha kusugulia sufuria. "Jikaze mama, kazi za ng'ambo si mchezo," akamwambia, na akamshikia mkono wakati yeye akijisugua. Mwenyezi Mungu amlipe kwa nia yake.

Binti yangu aliporudi alikuwa ameifunga mikono kwa karatasi ya chooni na karatasi ilikuwa nyekundu. Aliifungua, akaviweka vidole. Mashine haikulia hata ule mlio wake. Yule msichana alivuta kichwa nyuma, akamwita mkubwa wake, naye akaja akainama bila kugusa.

"Ngozi imetoka," alisema yule mkubwa. "Nani alikwambia ujisugue? Ungerudi hapa na rangi yako tungekusogezea siku, hii kitu inaisha yenyewe wiki mbili tatu. Sasa hapa sina cha kusoma. Hili ombi nalifunga. Ukipona utaomba upya."

"Na ada?" binti yangu akauliza.

"Unalipa upya."

Hapo nilivunja sharti la askari. Nilisimama nikaenda dirishani, nikasema kwamba ada imelipwa na serikali yenyewe, na kwamba binti huyu hajapewa kitu wala hajanyimwa kitu, ametazamwa vidole tu. Yule mkubwa alikuwa ameshaondoka. Yule msichana ndiye aliyenijibu, kwa upole, yale maneno niliyoanza nayo.

Tulirudi Mombasa. Njiani mwenzake alimlisha chakula kwa mkono wake kwa sababu binti yangu hakuweza kushika kijiko, na hakuna aliyecheka.

Hata hivyo sikukata tamaa, na nilimwambia hivyo. Ngozi ingepona kabla ya barua ya hospitali kuisha muda wake, na siku za kuomba upya zilikuwepo. Kilichopungua kilikuwa kimoja: ada. Nikampeleka kwenye ofisi ya mfuko. Yule afisa mcheshi alinipokea kwa heshima, akaniita mwalimu, akanivutia kiti.

"Kwenye kompyuta yangu binti yako ni wa kijani, mwalimu."

"Maana yake?"

"Amehudumiwa."

"Lakini hakwenda."

"Kwenda si kazi yetu. Kazi yetu ni kulipa, na tumelipa. Nikimrudisha awe mwekundu, mkaguzi ataniuliza pesa iko wapi. Nitamwambia imekaa kwenye hina?" Kisha akamgeukia binti yangu. "Hebu nione hivyo vidole."

Alivinyoosha, akidhani anatazamwa ili ahurumiwe. Afisa akawaita wenzake wa chumba cha pili. "Njooni muone mambo ya Pwani." Wakaja, wakasikitika kwa midomo, na mmoja akatoa simu akavipiga picha. "Ya kuwafundishia wengine," alieleza. "Uso sikuuchukua." Binti yangu akasema ahsante. Mimi ndiye niliyemfunza kushukuru kwa kila jambo, na siku ile nilimsikia akilitumia somo langu.

Tulipofika nyumbani dada yangu alikuwa ametungoja kizingitini. Kwa siku kadhaa alikuwa hali vizuri wala hatoki. Aliingia akafungua kitambaa mbele ya binti yangu: vikuku vyake vya dhahabu, alivyovaa siku ya harusi yake.

"Viuze, mwanangu. Mume alikufa, dhahabu haikufa. Kaombe tena."

Binti yangu hakuvitazama.

"Kwa dhahabu ya mikono hiyo?"

"Mwanangu, sikujua."

"Ulijua. Ulijua kuwa nikienda huna mtu. Tumbo lako halikukupa wa kukuzika, ukaona unifunge mimi nibaki nikuzike."

Nilimpigia kelele anyamaze, na mimi si mtu wa kelele. Alinyamaza. Akanibusu mkono na kuniomba radhi mimi, nikampa, lakini kwa shangazi yake hakugeuka. Dada yangu alivikunja vikuku polepole, kimoja juu ya chengine, akafunga fundo. "Haya, mwanangu," alisema. "Haya." Akatoka, na baadaye nilisikia upande wa pili wa ukuta akitawadha.

Siku zilizofuata nilimsihi binti yangu avichukue. Nilimweleza kwamba chuki ni mzigo wa mbebaji. Alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akaenda kuandika barua nyengine ya rufaa kwa mfuko. Aliamini serikali haiwezi kumwacha kwa jambo dogo kama ngozi. Ngozi ilianza kurudi, laini na nyekundu. Ile picha nayo ilianza kuzunguka kwenye simu za watu. Haikuwa na uso, lakini Likoni nzima ilijua ni vidole vya nani na ni kazi ya mikono ya nani. Mwenzake alipata visa yake. Alikuja kutuaga akiwa na aibu, kana kwamba ameiba kitu, akamwachia binti yangu viatu vyake vya kazini.

Nadhani viatu vile ndivyo vilivyomvunja. Jioni ile alikuja barazani akakaa miguuni pangu.

"Baba, nenda kamwambie nitavichukua vile vikuku. Bado nina siku."

"Nenda wewe umwambie, na umwombe radhi."

"Nenda wewe, baba. Mimi siwezi."

Nikaenda. Dada yangu alikuwa juu ya msala wake wa kuswalia. Nilipomwambia, uso wake uling'aa kisha ukazimika.

"Kaka, sinavyo."

"Viko wapi?"

"Nilivitoa sadaka. Aliponikatalia nilikwenda kwa kamati ya madrasa ya mayatima, nikawapa, nikanuia thawabu ziwe zake, Mungu amfungulie njia." Akanishika kanzu. "Wewe ndiye mwenye elimu. Waweza kuwaendea? Wewe wakikuona watakupa. Sadaka yaweza kurudi?"

Hapana swali nililopata kuulizwa mara nyingi kuliko hilo, na watu wenye kila aina ya udhuru. Nimelijibu mimbarini, nimelijibu chuoni, nimelijibu kwa matajiri waliojuta na kwa maskini waliojuta. Mtu akishatoa kwa ajili ya Mungu na mpokeaji akapokea, mali si yake tena, na anayeirudia amejidhalilisha mbele ya Mola wake. Nilikaa kwenye kitanda chake cha kamba. Nilitafuta mlango katika yote niliyosomeshwa na mashekhe wangu, nikautafuta kwa haki, bila ya uvivu. Haukuwepo.

"Hairudi," nikasema.

Akainamisha kichwa. "Alhamdulillahi," akasema dada yangu. Nilitoka nikampelekea binti yangu jawabu hilo hilo. Aliniuliza kama nilikuwa na hakika. Nikamwambia ninayo. Na hata leo ninayo. Dua ya kuomba njia nyengine niliiomba, na nyumba ile ningeiuza kama ingekuwa yangu peke yangu. Siku ya mwisho wa barua ilipita ikiwa siku ya kawaida, ya joto, maji ya bomba yalikuja saa nne yakakatika. Hospitali ile iliandika kwa uungwana mwingi ikimtakia kila la heri.

Haikupita miezi mingi, yule afisa akanipigia simu. Mfuko ulikuwa unafanya sherehe ya walionufaika, akataka niwafungulie na kuwafungia kwa dua. Na binti yangu alikuwa miongoni mwa waalikwa, kwa kuwa ni wa kijani. Nilikubali, maana dua hanyimwi mtu. Yeye alikubali kwa matumaini ya kuonana na mkubwa wa mfuko, amweleze mwenyewe.

Niliwafungulia. Hotuba zikasomwa. Kisha yule afisa akasema kuna somo dogo kwa vijana wanaofuata, na kwenye kitambaa cheupe mbele yetu vikatokea vidole, vikubwa kila kimoja kama mgomba, vyeusi na vyekundu.

"Uso nimemsitiri," akasema. "Lakini wallahi, vijana wa Pwani, hina mtajipaka mkishafika!"

Ukumbi ulicheka kwa muda. Binti yangu alikuwa safu ya pili, ameikunja mikono chini ya buibui. Baada ya hapo walionufaika wakaombwa wasimame wapigiwe makofi. Wachache walikuwapo, wengi walikuwa wameshasafiri. Alisimama. Watu wakampigia makofi, na mama mmoja aliyekaa karibu yangu akaniuliza, "Huyu anaondoka lini?" Yule mkubwa wa mfuko aliondoka kabla ya chakula, ana mkutano mwengine.

Nikawafungia. Niliuombea mfuko baraka, nikawaombea waliokwenda na waliobaki, nikaomba serikali ijaaliwe huruma na uadilifu. Wakaitikia amina. Binti yangu aliitikia pia, nilimsikia.

Dada yangu hapambi tena. Hakuna aliyemkataza. Ni kwamba watu hawaji. Sokoni humwita mpambaji wa visa, na mwanamke mmoja aliwahi kumwambia machoni, "Bi mkubwa, kwangu kuna mwari, lakini nataka afike kwa mumewe." Alirudi akanisimulia akicheka. Presha ilimwanza hapo, au ilikuwepo ikapata nafasi.

Mwaka huu, baada ya Ramadhani, alianguka uani. Nilimshika mkono nikamkokota mpaka zahanati, ile ile ya hapa Bofu, kwa kuwa hakuna nyengine ya karibu. Binti yangu ndiye aliyekuwa zamu. Anaifanya kazi yake vizuri, Mungu amzidishie, wagonjwa wanamsifu kwamba mkono wake mwepesi.

Alituitikia salamu. Mimi aliniamkia shikamoo, akanivutia kiti. Kisha akakaa mezani akafungua daftari la wagonjwa.

"Jina, mama?"

Hivyo ndivyo anavyowaita wanawake wote wanaoingia pale.

Dada yangu alimtazama. Nilidhani atalia, lakini alitaja jina lake, na la baba yake, ambaye ni baba yangu, na la babu yake, wazi wazi, kama anayejibu kwa kadhi.

"Umri?"

Akataja.

"Jamaa wa kupigiwa simu ukizidiwa?"

Dada yangu akanigeukia. "Weka kaka yangu."

"Kaka yako ni mzee, hasikii simu. Mwengine?"

"Binti yangu," nikasema, "hilo ni..."

"Baba, nauliza mgonjwa." Hakuinua macho. "Mwengine, mama?"

"Mwengine sina," dada yangu akasema.

Binti yangu akapiga mstari mahali pale, akauzungusha mpira wa kipimo cha presha kwenye mkono wa shangazi yake, taratibu, bila ya kumbana, akamwambia asiseme kitu mpaka hesabu ishuke.